"Umetumwa na nani?" sio jibu

Mhariri, habari ya kazi.

Nasoma ukurasa wa barua miaka mingi ila sijawahi kuandika hata mara moja. Leo naandika kwasababu kuna kitu nilikiona kwenye mkutano wa kampeni Jumamosi iliyopita na mpaka sasa kinanisumbua, na kinachoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa wengi pale na tuliondoka tukiongelea mambo mengine kabisa, mara muziki ulikuwa mkubwa, mara mgombea kachelewa masaa mawili, mara nani kapewa tisheti nani kanyimwa, lile lenyewe hakuna aliyeligusa.

Ilikuwa hivi. Mgombea kamaliza kuhutubia, mshereheshaji akatangaza kuna nafasi ya maswali matatu. La kwanza akauliza kijana ambaye muda mfupi kabla nilimuona kwa macho yangu anashusha spika kwenye gari la kampeni, swali lake "mheshimiwa ukishinda utatusaidiaje sisi vijana", la pili nalo hivyohivyo. La tatu akasimama mama mmoja wa makamo, mtaratibu, ameshika karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Akazikunjua polepole huku kipaza sauti kakibana kwapani, akasema: "Mheshimiwa, shikamoo kwanza siwezi kukupa maana wewe ni mdogo kwangu, ila nakusalimu kwa heshima. Naomba unisaidie jambo moja. Hii karatasi ulitupa uchaguzi uliopita, imeandika una diploma ya biashara. Hii ya mwaka huu imeandika una masta ya uchumi, na mwaka uliomaliza hiyo masta ni miaka miwili kabla ya hii karatasi ya kwanza. Sasa nauliza ipi ndio sahihi?"

Basi. Hakutukana, hakupaza sauti, hakutaja chama kingine.

Mgombea akacheka kidogo, akachukua kipaza sauti chake, akasema, "Mama, wewe umetumwa na nani?" Umati ukalipuka kwa kicheko, wapambe wakaanza kuimba, mtu mmoja akamsogelea yule mama akamchukulia kipaza sauti mkononi, wala sio kwa nguvu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto mkasi, na mkutano ukafungwa kwa dua.

Nilimfuata yule mama nje. Nikamwamkia, nikamwomba nizione zile karatasi na akanipa. Nimezisoma mwenyewe mhariri, sisimulii ya kuambiwa. Picha ileile, sahihi ileile, kauli mbiu tu ndio imebadilika, na maelezo ya elimu ni kama alivyosema, diploma huku, masta kule, na miaka haikubaliani. Inawezekana ni kosa la mchapaji. Inawezekana masta ipo kweli na ile ya kwanza ilisahaulika kuandikwa, ingawa sijui ni mtu gani anaomba kura halafu anasahau masta yake. Vyote vinawezekana na ndio maana swali liliulizwa. Yule mama akaniambia amefanya kazi ya masjala maisha yake yote, kazi yake ilikuwa kupokea mafaili na kuangalia kama tarehe zinakubaliana, na mazoea hayo hayajamtoka mpaka leo amestaafu. Halafu akaniambia kitu ambacho ndicho kimenifanya nikae chini niandike. Akasema, "Mwanangu, mimi kura yangu nilikuwa nampa yeye. Nilitaka tu anitoe wasiwasi."

Sasa hebu tulitazame hilo neno "umetumwa". Ni neno dogo ila linafanya kazi kubwa sana. Linageuza swali kutoka kwa aliyeulizwa linampelekea aliyeuliza, sekunde moja iliyopita mgombea ndiye alikuwa anatakiwa kujieleza, sekunde inayofuata ni mama ndiye anatakiwa kujieleza, tena mbele ya watu mia kadhaa wanaomcheka. Na umati unaingia kwenye huo mtego kwa hiari yake kwasababu kwenye kampeni kila mtu ameshapanga upande wake kichwani, kwahiyo ukisikia "katumwa" huna haja ya kufikiria tena. Lakini chukulia kweli alitumwa. Chukulia mpinzani wake ndiye aliyempa zile karatasi, akamlipa na nauli juu. Zile karatasi aliziandika nani? Aliziandika mgombea mwenyewe na timu yake, na miaka ya kwenye karatasi haibadiliki kwasababu aliyeishika katumwa. Swali lingebaki palepale.

Wapo watakaoniambia masta haijengi barabara, na kuna viongozi wazuri hawakusoma na wasomi walioharibu nchi. Nakubaliana nao asilimia mia. Hakuna aliyemlazimisha yule mgombea awe na masta. Angesimama akasema "mimi nina diploma na nina uzoefu wa miaka kadhaa kwenye biashara" tungempigia makofi na nadhani yule mama angekuwa wa kwanza. Tatizo sio elimu ndogo, tatizo ni kusema una kitu ambacho huna, kama ndivyo ilivyo, kwasababu mtu huyuhuyu kesho ndiye atatuambia hela ya mradi imetumikaje na hatutakuwa na karatasi ya zamani ya kulinganisha.

Mhariri, nimejaribu kusoma wenzetu huko duniani yamewakuta yapi kwenye jambo kama hili, na kuna kisa kimoja kila mhariri wa gazeti angekijua. Mwaka 2022 kule Marekani, jimbo la New York, jamaa anaitwa George Santos aligombea kuingia Baraza la Wawakilishi akashinda. Wasifu wake ulikuwa unang'aa, kasoma Baruch College, kafanya kazi Goldman Sachs, kafanya kazi Citigroup, mabenki makubwa hayo. Mwezi Desemba, uchaguzi umeshapita wa Novemba, The New York Times wakatoa habari kwamba wamepiga simu huko kote na hakuna anayemjua. Chuo hawana rekodi ya kuhitimu kwake, makampuni hayana rekodi ya kumwajiri. Baadae mwenyewe akakiri hakuwa na digrii ya chuo chochote. Dunia nzima ikashangaa imekuwaje mtu kapita hivihivi.

Lakini hakupita hivihivi, na hapa ndio pananiuma. Kulikuwa na kagazeti kadogo ka eneo lilelile, The North Shore Leader, ambako kabla ya uchaguzi, mwezi Septemba, kaliandika kwamba fomu zake za mali hazieleweki, kwamba mwaka 2020 alijaza kama mtu asiye na mali ya maana na mwaka 2022 anajaza mamilioni ya dola. Waliuliza zimetoka wapi. Na sio kwamba walikuwa wapinzani wa chama chake, gazeti lile lilikuwa na kawaida ya kuelemea upande wa Republican, chama cha huyohuyo Santos, na bado Oktoba wakaandika kwamba wao watamuunga mkono mpinzani wake. Nani aliwasikiliza? Vyombo vikubwa havikuifuatilia mpaka kura zimehesabiwa, na wapiga kura wengi hata hawakujua kuna swali limeulizwa. Kwahiyo swali lilikuwepo kwa wakati, lilikuwa la maana, lilikuwa limeandikwa kwa wino, na likafa kwasababu hakuna aliyelibeba kulipeleka mbele. Nikisoma hivyo namuona yule mama na karatasi zake mbili.

Ikachukua zaidi ya mwaka. Tarehe 1 Desemba 2023 Baraza likamfukuza kwa kura 311 dhidi ya 114, mtu wa sita tu katika historia yote ya Baraza lile kufukuzwa. Mwaka 2024 akakiri makosa mahakamani, 2025 akahukumiwa miezi 87 jela, na Oktoba mwaka huohuo Rais Trump akampunguzia adhabu akatoka. Angalieni jambo moja ambalo watu hawalioni kwenye kisa hiki: makosa aliyokiri yalikuwa ya utapeli wa hela na kutumia utambulisho wa watu wengine. Kusema uongo kwamba kasoma chuo fulani, hilo peke yake halikumpeleka jela. Kudanganya wapiga kura kuhusu shule na kazi, kama hukujaza kwenye fomu ya kiapo au hukuchukua hela ya mtu, sehemu nyingi sheria haina pa kukushikia. Maana yake ni kwamba kazi ya kumkamata mgombea kwenye uongo wa aina hii sio ya hakimu wala polisi, ni ya mpiga kura na mwandishi, na muda wa kuifanya ni huuhuu wa kampeni. Ukishapita, umepita.

Kwahiyo wanaosema "tusubiri kwanza uchaguzi uishe, mambo haya tutayaangalia baadae kwa utulivu", mimi siwaelewi. Baadae lini? Kulekule Marekani, wezi walikamatwa kwenye ofisi za chama cha Democratic pale jengo la Watergate tarehe 17 Juni 1972, na uchaguzi wa rais ulikuwa Novemba. Maswali yaliulizwa kipindi chote cha kampeni, White House, yaani ofisi ya Rais Richard Nixon wa Republican aliyekuwa anagombea tena, ikakana kuhusika, wananchi wakampa Nixon majimbo 49 kati ya 50. Ukweli ulikuja kutoka wote na Agosti 1974 akajiuzulu, lakini kuanzia siku ile ya kura mpaka anaondoka nchi ilikaa karibu miaka miwili inatafuna jambo ambalo lilikuwa mezani kabla hata ya mtu kupiga kura.

Niseme na upande wa pili maana sitaki nionekane naonea wagombea. Wagombea nao wanachafuliwa, tena sana, wakati mwingine kwa uongo mtupu, na kuna mambo ambayo mpiga kura hana haki ya kuyauliza. Ndoa ya mtu ilivunjikaje, mtoto wake anaumwa nini, dini ya mke wake, hayo sio yetu. Pia kuna tofauti kati ya swali na tuhuma. Yule mama aliuliza swali, alikuwa na karatasi mkononi. Mtu mwingine angesimama akasema "wewe ni mwizi" bila chochote, huyo ningekuwa wa kwanza kusema anyamaze. Waingereza wana sheria ya mwaka 1983 inayosema ukitoa taarifa ya uongo kuhusu tabia au mwenendo binafsi wa mgombea ili kuathiri matokeo, na huna sababu ya msingi ya kuiamini, umefanya kosa. Haigusi sera wala ahadi, inagusa heshima ya mtu. Na wanaitumia. Mwaka 2010 mbunge wa chama cha Labour anaitwa Phil Woolas alishinda kiti chake kwa kura 103 tu, na vipeperushi vyake vilikuwa vimemzushia mpinzani wake mambo mazito kumhusisha na watu wenye msimamo mkali. Mpinzani akaenda mahakama ya uchaguzi, Novemba mwaka huohuo majaji wakafuta ushindi na Woolas akazuiwa kugombea miaka mitatu, uchaguzi ukarudiwa Januari 2011. Kwahiyo mgombea anayechafuliwa kwa uongo ana haki ya kulindwa na mimi naiunga mkono haki hiyo kwa mikono miwili. Lakini anayelindwa na ukweli anaanza kwa kuuonyesha. Cheti kikiwepo, kukionyesha ni kazi ya dakika moja, kumuaibisha mama wa watu ilichukua muda mrefu zaidi ya hapo.

Kuna na suala la ahadi, watu wanalichanganya na uongo na sio kitu kimoja. Mgombea akiahidi akashindwa, inategemea. Nick Clegg, kiongozi wa chama cha Liberal Democrats kule Uingereza, mwaka 2010 alisaini kabisa ahadi kwa wanafunzi kwamba wabunge wake watapiga kura kukataa ada za vyuo kupanda. Akaingia serikali ya mseto, na Desemba mwaka uleule kiwango cha juu cha ada kikapandishwa mpaka pauni 9,000 kwa mwaka na yeye akaunga mkono. Mwaka 2012 akaomba radhi hadharani, na uchaguzi wa 2015 chama chake kikatoka viti 57 mpaka 8. Unaweza kusema alidanganya, unaweza kusema aliahidi kitu asichokuwa na uwezo nacho, mimi naona ni hilo la pili na wapiga kura walimhukumu kwa nafasi yao. Lakini weka pembeni yake Ferenc Gyurcsány, aliyekuwa waziri mkuu wa Hungaria. Chama chake kilishinda uchaguzi Aprili 2006, mwezi Mei akawaambia wenzake kwenye kikao cha ndani kwamba walikuwa wakidanganya asubuhi, usiku na jioni kuhusu hali ya uchumi, sauti ikarekodiwa, Septemba ikavuja, watu wakamwagika barabarani Budapest. Huyu alijua ukweli wakati anaomba kura. Hiyo ndio tofauti, na huwezi kuiona tofauti hiyo baada ya miaka mitano, unaiona kwa kuuliza sasahivi: hela za mradi huu zitatoka wapi, umekadiria kiasi gani, nani kakupa hizo namba. Mgombea ambaye anaamini anachosema atakuwa na jibu hata kama ni jibu bovu. Anayejua anadanganya atakuuliza umetumwa na nani.

Na wasije wakatudanganya kwamba mgombea akikiri kosa ndio mwisho wake wa siasa. Joe Biden mwaka 1987 alikuwa anautafuta uteuzi wa urais ndani ya chama chake, ikabainika ametumia maneno ya hotuba ya mwanasiasa wa Uingereza Neil Kinnock kama vile ni ya kwake, na kwamba ameongeza chumvi kuhusu matokeo yake ya chuo cha sheria. Septemba hiyohiyo akajitoa. Aliporudi tena watu walimpokea, akawa makamu wa rais mwaka 2009 na rais mwaka 2021. Sisemi hakuwa na makosa mengine, nasema aliulizwa, ikamuuma, akatoka pembeni, na maisha yakaendelea. Mgombea wetu angeweza kusema "mama, ahsante, hapo kuna kosa, nitalirekebisha" na naapa kabla ya kesho asubuhi tungekuwa tumeshasahau.

Sasa nakuja kwako mhariri na nakuomba usinielewe vibaya, gazeti lako nalipenda. Siku tatu baada ya mkutano ule mlitoa habari yake ukurasa wa nne, picha kubwa ya umati, kichwa cha habari kinasema mgombea amejibu maswali ya wananchi. Amejibu lipi? Mwandishi wenu alikuwepo, alikaa safu ya mbele na kitambulisho shingoni, alisikia kila kitu. Swali la tatu halimo kabisa kwenye habari. Sijui ni kukosa nafasi, sijui ni kuogopa, sijui mwandishi aliona ni kichekesho tu kama umati ulivyoona, ila msomaji ambaye hakuwepo akisoma habari ile anaamini mgombea alisimama mbele ya watu akaulizwa na akajibu. Hapo na nyie mmemsaidia kudanganya, hata kama hamkukusudia.

Ninachoomba sio kikubwa. Hamna haja ya kumshtaki mtu wala kuandika kwamba ni mwongo, hata mimi sijasema ni mwongo, sijui. Chukueni vipeperushi vya wagombea wote, wa vyama vyote sio huyu peke yake, mchukue yale yanayoweza kuhakikiwa, shule, mwaka wa kumaliza, kazi aliyowahi kufanya, cheo alichosema alikuwa nacho. Andikeni barua kwa chuo mkiuliza mtu huyu amehitimu au hakuhitimu, vyuo vina ofisi za kumbukumbu, ni kazi yao. Mgombea mpeni nafasi ya kujibu kabla hamjachapa, mpeni na muda wa kutosha, sio mnampigia saa nne usiku mnachapa saa tano. Halafu chapeni alichodai, mlichokikuta na alichojibu, vyote vitatu ukurasa mmoja. Asiyetaka kujibu andikeni tarehe mliyomuuliza na kwamba hajajibu. Itawaletea lawama najua, kila chama kitasema mmetumwa na mwenzake, ila mkiwauliza wote maswali yaleyale hilo neno litakosa pa kukaa.

Na nyie wasomaji wenzangu mliokuwepo Jumamosi ile, mimi nilicheka pia. Lazima niseme. "Umetumwa na nani" ilivyosemwa pale, na umati ulivyolipuka, nilicheka kabla sijafikiria, na nilipomtazama yule mama amesimama na karatasi zake anajaribu kuzikunja tena zirudi kwenye mikunjo yake ileile kicheko kikanikauka. Alikuwa na haki ya kujibiwa na sisi ndio tulimnyima, mgombea alianza tu.

Nilimuuliza kama angependa nitaje jina lake kwenye barua hii akakataa, akasema anaishi peke yake na hataki usumbufu. Namuelewa. Karatasi zake ameniachia nakala, zipo kwangu, ukizihitaji mhariri nitakuletea ofisini siku yoyote. Kupiga kura bado wiki tatu. Swali lake, kwa kuwa halikuandikwa popote, naomba liandikwe hapa kama alivyolisema:

Ipi ndio sahihi?

Msomaji wako